Wingu Lililorudi Mlimani

Tulimzika Adela juma lililopita, asubuhi, kabla milima haijaanza kuvaa mawingu yake. Watoto wake walitaka iwe mchana ili ndugu wa Bujumbura wapate kuvuka mpaka waje Uvira, lakini katekista alikataa. Alisema msimu huu mchana si wa kuaminiwa, udongo wa makaburini ukilowa unamwagika ndani ya shimo kama uji. Basi tukamlaza mapema, tukarudi nyumbani kwake Mulongwe kukaa matanga. Nilipewa kiti cha plastiki karibu na ukuta, kwa heshima ya umri, na sahani ya bugali na sombe ya majani ya muhogo. Wanawake walikuwa wameteleka masufuria makubwa nje, uani, pasipo paa, na kila mmoja alikuwa akitupa jicho upande wa milima, maana wingu lilikuwa limesimama kule, jeusi tumboni, jeupe kichwani, na chakula cha wageni kilikuwa bado motoni. Ndipo mjukuu wa Adela, kijana anayeitwa Patrike, alipotazama juu, akapunga mkono, akasema: "Musiogope, bamama. Imerudia." Yaani wingu limerudi lilikotoka, mvua haitatufikia. Wanawake wakashusha pumzi. Mmoja akaanza kigelegele, akakikata katikati alipokumbuka yuko matangani. Kwa miaka yote hii, neno hilo likisemwa, nilikuwa ninamtafuta Adela kwa macho, naye ananitafuta, tunatazamana, halafu kila mmoja anaendelea na kazi yake. Safari hii nilitafuta, nikaona kiti chake kimekaliwa na mtu mwingine.

Kwa hiyo ninaandika, mimi niliyeishia darasa la tatu la primeri. Majina sijapoteza hata moja. Mwaka wa mambo haya niliishi Kimanga, mtaa wa ufukweni, nyumbani kwa Mama Anastazia, na namna nilivyofika kwake haina faida hapa. Nilikuwa msichana ambaye matiti yameshaota lakini akili bado. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili chini ya manjanja, yale mabati yaliyoshika kutu mpaka yakawa na rangi ya chai. Chumba cha mbele kilikuwa cha mama mwenyewe, pamoja na magunia ya ndagala kavu, dagaa wa ziwa letu, yaliyopangwa mpaka juu, hivi kwamba alilala kama mtu aliyelala ghalani. Chumba cha nyuma kilikuwa chetu wasichana: mimi, Adela, na Nyota. Adela alikuwa mtoto wa dada yake Mama Anastazia. Nyota alikuwa mtoto wake wa kumzaa, wa pekee. Tulilala kitanda kimoja cha matete, Nyota katikati kwa sababu alikuwa mwepesi wa kusikia baridi, na nywele zetu zote tatu zilinuka samaki hata tukiziosha kwa sabuni ya mafuta ya ngazi, yaani mawese. Nyota alikuwa na mwanya, na alipokuwa akicheka aliufunika kwa kidole. Mchumba wake, Donasyano, fundi wa mbao, alimwambia akiendelea kuufunika atamrudisha kwao. Basi akawa anacheka mbele ya Donasyano mdomo wazi, akirudi nyumbani anafunika tena.

Tulikuwa watu wa ndagala. Mwezi unapokufa na ziwa likawa giza, wavuvi wanapata samaki wengi kwa taa zao, na kulipokucha sisi tulikuwa tayari ufukweni na beseni zetu. Tulinunua, tukabeba, tukatandaza juu ya mchanga na mikeka. Halafu ni kugeuza, kufukuza bata na kunguru, na kuomba jua. Watu wanaokula ndagala hawajui jambo hili: samaki akiwa mbichi, mvua haimtishi sana, akiwa mkavu kabisa, unamkusanya anapona. Lakini akiwa amekauka nusu, tone la mvua likimpata, basi. Anavunjika, ananuka, funza wanaingia, na hata bata anageuza shingo. Na ndagala anafikia ukavu huo wa nusu kwenye saa zilezile ambazo milima ya Uvira inapika mvua. Kwa hiyo wanawake wa ufukweni walifanya kazi mikono ikiwa chini na shingo ikiwa juu. Mama Zubeda, jirani yetu wa mikeka ya kushoto, aliwahi kumwambia Mama Anastazia: "Weye dada, unaangalia nini pale juu kila mara, uko unatafuta bwana?" Mama Anastazia akajibu bila kushusha macho: "Bwana nilishapata, akakufa. Sasa natafuta jua."

Nilijifunza wingu kwa kumtazama yeye akilitazama. Asubuhi mlima ulikuwa safi, unaweza kuhesabu migomba ya watu. Jua likipanda, mawe ya mlimani yanashika moto kabla ya ziwa kushika, na ziwa linabaki baridi. Hapo upepo unaanza kutoka majini, mpole, unatupulizia kanga migongoni, unapita Kimanga, unaanza kupanda mlima. Mama Anastazia alisema upepo ule haupandi mikono mitupu, umebeba jasho la ziwa. Ukifika juu kwenye baridi, jasho lile linaonekana: vitambaa vidogo vyeupe juu ya mgongo wa mlima, kama pamba iliyokwama kwenye miiba. Siku nyingine vinayeyuka tu. Siku nyingine vinakaa, vinashikana, vinaanza kuumuka. Umeona maziwa yanapotaka kumwagika kwenye sufuria? Ndivyo wingu linavyopanda, kichwa juu ya kichwa, hata ukikaza macho unaliona likitembea. Chini linakuwa bapa na jeusi, kama sufuria iliyokaa motoni miaka mingi. Juu linaendelea mpaka linagonga kitu tusichokiona, kisha linatawanyika pande zote, kama moshi wa jikoni unapofika kwenye paa ukakosa tundu la kutokea. "Likishalaza kichwa hivyo," alisema, "limekomaa. Sasa lina mvua na lina radi. Bado kuchagua njia tu."

Njia zilikuwa mbili. Kuna siku wingu lilishuka. Kwanza upepo wa ziwa ulikufa, kimya, mpaka unasikia nzi juu ya samaki. Halafu ulikuja upepo mwingine kutoka milimani, baridi kama ya chungu cha maji, una harufu ya vumbi lililolowa mahali pengine. Mama Anastazia alikuwa na sauti ya kupasua mbao. Alisimama akapiga kelele, "Inashuka!" na ufukwe mzima ukainama kwa pamoja, mikeka ikakunjwa, kanga zikageuka magunia, watoto wakawekwa chini wakilia ili mikono ipate kushika samaki. Na kuna siku upepo wa ziwa ulishinda. Wingu lilikuja mpaka ukingoni mwa mlima, likatuchungulia, halafu likasukumwa nyuma polepole, likaenda kunyesha hukohuko juu. Hapo alisema, "Imerudia!" na wanawake wote wakapiga vigelegele, wakakaa chini, miguu imenyooshwa, wakaanza kusengenya. Hiyo ndiyo ilikuwa furaha yetu kubwa. Vigelegele vile vilisikika mpaka barabarani, na watu wa Kimanga waliposikia walianika manguo yao.

Siku wingu liliposhuka tulikaa ndani sote, na ninaikumbuka moja kwa sababu ya maneno. Mvua ya mawe ilikuwa inapiga manjanja kwa kishindo hivi kwamba tulisemezana kwa kuinamiana masikioni. Mama Anastazia alifunika kioo kwa kitambaa, akamvua Nyota kilemba chekundu maana nyekundu inaita radi, akatukataza kusimama mlangoni. Tulikuwa na mgeni, Baba Rukundo, mzee mrefu aliyeshuka kutoka milimani, upande wa Mulenge, akiuza mafuta ya ng'ombe, na mvua ilikuwa imemfungia kwetu. Alikula bugali yetu na ndagala za kuvunjika, zile ambazo haziwezi kufika sokoni, akachambua kila samaki kama mtu anayetoa miiba. Radi ilipiga mngazi, mchikichi wa jirani, tukasikia mti ukipasuka, na Adela akajificha chini ya kitanda. Baba Rukundo akacheka. Akasema, "Huku kwenu mvua ni mugeni tu. Anapiga hodi, anakunywa chai, anaenda." Mama Anastazia akamwambia, "Mugeni gani huyu anayenivunjia nyumba? Mimi mvua nzuri ni ile inayorudia." Mzee akaweka tonge chini. "Mama, nyinye mukisema imerudia, siye kule juu tunasema imefika." Tukacheka sana. Nyota alicheka mpaka akasahau kuufunika mwanya. Ulikuwa ni mzaha wa mvua, mvua ilipokatika mzee akabeba vibuyu vyake akaenda.

Ile siku yenyewe ilianza vizuri. Mwezi ulikuwa umekufa, ndagala zilijaa mpaka tukaazima mikeka ya Mama Zubeda. Wazee wa Donasyano walikuwa wanakuja Jumapili kuleta mahari, na Nyota alikuwa na manguo ya kufua: mashuka mawili, vitambaa vya meza, na kitenge kipya ambacho mama yake alitaka kipoteze ugumu wa duka. Wakati ule kila mtu alifua mto Mulongwe. Maji ya mlimani hayamalizi sabuni, na mawe yake ni makubwa, yana moto wa jua, ukitandaza shuka linakauka unapoendelea kufua lingine. Alfajiri Nyota aliomba ruhusa. Mama yake akakataa. "Angalia mlima. Leo itakuwa na kitu. Nani atanisaidia kukunja?" Nyota akanuna, akageuza samaki kwa hasira, na mama akamwambia, "Geuza polepole, hao samaki hawakukukataza kuolewa."

Jua lilipofika utosini wingu lilikuwa limeshalaza kichwa. Sijaona tena wingu lenye tumbo lile. Lilifunika mgongo wote wa mlima, na ndani yake kulikuwa kunawakawaka bila sauti. Tulisimama, kila mwanamke kwenye pembe ya mkeka wake, tukingoja sauti. Upepo wa ziwa ukapungua. Ukasita. Mama Anastazia alilowesha kidole mdomoni akakiinua. Halafu upepo ukarudi, ukaongezeka, kanga zikatupepea mbele, na wingu likaanza kujivuta nyuma, tumbo lake likaingia nyuma ya mlima kama mtu anayerudi ndani na kufunga mlango. "Imerudia!" Vigelegele vya siku ile vilikuwa virefu kuliko vyote. Mama Zubeda alicheza. Nami nilicheza. Nyota hakungoja viishe. "Mama, niende sasa?" Mama yake alikuwa anacheka, jasho linamtoka usoni, samaki wa mwezi mzima wamepona. Akamwambia, "Enda, mama yangu. Enda na Adela. Mufue bila haraka, jua liko letu leo."

Bila haraka. Adela alikuwa akiyarudia maneno hayo uzeeni, bila kumlaumu mtu, kama mtu anayejaribu kitu mdomoni aone iwapo bado ni kichungu.

Sisi tuliobaki tulikaa kwenye mchanga wa moto. Ninakumbuka Mama Zubeda alikuwa anasimulia habari za mke wa mwenye duka, na kila aliponyamaza kidogo nilisikia mlima unanguruma nyuma kabisa, kama mtu anayesogeza makabati katika nyumba ya jirani. Hakuna aliyegeuka. Nyumba ya jirani si yetu. Juu yetu mbingu ilikuwa bluu, samaki walikuwa wanalia chini ya vidole, krasha, krasha, namna wanavyolia wakikauka vizuri. Halafu nikaona ziwa. Upande wa mdomo wa Mulongwe maji yalikuwa yamebadilika rangi, na ile rangi ilikuwa inatujia, pana, nyekundu ya udongo wa mlimani, ina mpaka kama pindo la nguo. Ndani yake kulikuwa na migomba mizima na mizizi yake, na mbuzi, na mlango wa nyumba. Mama Zubeda akaacha hadithi katikati. Tukasikia sauti ya mto, ambayo si sauti ya maji, ni sauti ya mawe yanayogongana. Mama Anastazia alisimama. Akaangalia mto, akaangalia juu kwenye jua, akaangalia mto tena. Alikuwa anatafuta mvua. Hakukuwa na mvua. Halafu akaanza kukimbia juu ya samaki wake, akiwakanyaga.

Adela tulimkuta barabarani, ana matope mpaka kifuani, ameshika shuka moja lililokunjwa vizuri. Hakuwa analia. Alisema walikuwa wamemaliza, wamekaa juu ya mawe katikati ya mto, maji hayafiki hata kwenye vifundo vya miguu. Nyota alikuwa anaimba. Wakasikia harufu ya udongo mbichi, wakashangaa itoke wapi na jua vile. Mwanamume mmoja aliyekuwa akichimba mchanga juu yao akapiga kelele na kukimbia. Wakakimbia wote wawili, wakafika ukingoni. Nyota alifika ukingoni, Adela alilisisitiza jambo hilo maisha yake yote. Alifika, akageuka, akaona kitenge chake kipya bado kimetandazwa juu ya jiwe, akasema, "Mama ataniua." Akarudi. Jiwe lilikuwa karibu tu, kama kutoka hapa nilipoketi mpaka jikoni.

Wavuvi ndio waliomleta Nyota, asubuhi iliyofuata, kutoka majini upande wa Kalundu. Hawakuwa na pa kumlaza. Walimlaza kwenye mkeka wetu. Donasyano alitengeneza sanduku kwa mbao alizokuwa ameweka akiba ya kitanda. Na ndagala za siku ile, nisiseme uongo, zilikuwa nzuri kuliko zote za mwaka, nyeupe, zinang'aa kama sindano. Wanawake walikuja wakazikusanya kwa ajili yetu, wakazitia kwenye magunia, wakayapanga chumbani kwa Mama Anastazia. Hakuyauza. Yalikaa yakimzunguka mpaka wadudu wakayaingia, na sisi kwenye chumba cha nyuma, wawili sasa, tuliacha nafasi katikati ya kitanda.

Miezi iliyofuata ndiyo iliyonifanya mtu mzima, na haikuwa na makelele. Mama Anastazia alirudi ufukweni, alinunua, alitandaza, aligeuza, lakini hakuinua shingo. Wingu lilisimama, wanawake wakamtazama yeye, yeye akatazama samaki. Siku moja likashuka, hakuna aliyepiga kelele kwa wakati kwa sababu wote walikuwa wamezoea kungoja sauti moja, na ufukwe mzima ulilowa. Hakuna aliyemsemesha vibaya. Mama Zubeda alikusanya uji wa samaki wake, akautupa ziwani, akaja akakaa kando yake kwenye mvua. Vigelegele navyo vilikufa. Wingu liliporudi, wanawake walikunja mdomo tu.

Mwisho wa msimu ule, mvua za mwisho mwisho, wingu lilikuja ukingoni likasukumwa nyuma kama siku ile. Mama Anastazia alikuwa amechuchumaa. Akaacha samaki, akasimama, akafunga kanga kiunoni, akaondoka. Mimi na Adela tukamfuata tukidhani anakwenda kujitupa. Alikwenda Mulongwe. Alisimama ukingoni, wanawake walikuwa wamejaa mtoni na watoto wao, jua linawaka, na ile sauti ya kupasua mbao ikamtoka tena: "Tokeni mtoni! Imefika! Kule juu imefika!" Wakamwangalia. Wakaangalia mbingu. Mmoja akasema, "Mama, jua iko inawaka, uko unaota?" Wavulana wakacheka, wakamwita Mama Mvua-ya-Jua, na jina likamganda mpaka alipokufa. Wachache walitoka, kwa kumwonea huruma. Maji siku ile hayakuja, yaliongezeka kidogo tu, yakawa na rangi ya chai ya maziwa. Akarudi, akageuza samaki wake. Wingu liliporudi mara nyingine, akaenda tena. Aliendelea miaka, mpaka magoti yalipokataa. Kuna siku maji yalikuja na kuna siku nyingi hayakuja, na hakuna mtu aliyewahi kufika nyumbani kumwambia asante, kwa sababu aliyetoka mtoni na maji yasimkute hajui kitu gani hakikumpata. Adela alikwenda baada yake, akiweza. Alijenga hapahapa Mulongwe kwa ajili hiyo, ingawa kwa watoto wake alisema ni kwa sababu kiwanja kilikuwa rahisi.

Ufukwe wetu siku hizi haupo. Ziwa limepanda, limekula mchanga wote na nyumba za mbele, mahali tulipotandaza panapita mtumbwi. Na mto nao umejaa watu, wamejenga mpaka kwenye mawe yenyewe. Mawingu ndiyo hayajahama. Basi Patrike aliposema imerudia, na wanawake wa masufuria wakashusha pumzi, niliweka sahani chini ya kiti. Nikaomba fimbo yangu. Binti mkubwa wa Adela akaniuliza, "Koko, unaenda wapi? Chakula kiko karibu." Nikamwambia ninanyoosha miguu. Kutoka uani kwake mpaka ukingoni si mbali, lakini mimi ni mzee, nilipumzika njiani mara nyingi, na mlima ulikuwa unasogeza makabati yake.

Chini walikuwa wanafua. Mashuka yametandazwa juu ya mawe, watoto uchi wanarushiana maji, jua limewaka juu yao wote. Nikapiga kelele. Sauti yangu haipasui hata karatasi. "Tokeni! Kule juu imefika!" Mtoto mmoja akageuka, akaniiga namna ninavyoshika fimbo, wenzake wakacheka. "Koko, mvua iko wapi?" akaniuliza msichana mmoja, kwa adabu tu. Nikasema tena. Nikasema tena. Wakaendelea kusugua. Kisha mwanamke mmoja aliyekuwa karibu na ukingo, mwenye mtoto mgongoni, akanitazama muda mrefu, akatazama kitambaa cheusi cha msiba kichwani mwangu, akaguna. Akakusanya manguo yake yakiwa bado na povu, akayatia kwenye beseni, akapanda juu, akaja akasimama kando yangu kwa uvivu, amenuna, kama mtu aliyepotezewa siku yake. Nikamuuliza jina. Akasema ni Faila, na mtoto ni Moize. Tukasimama pamoja, tukitazama wale waliobaki.